Jiko la Chumvi Lililowashwa Tena

Mgeni rasmi, waheshimiwa mliofuatana naye, na dereva aliyebaki garini na kiyoyozi chake:

UKARIBISHO

Sisi wafanyakazi wa Makumbusho ya Chumvi tunakukaribisha kwa moyo mkunjufu. Tumepaka chokaa ukuta unaotazama barabara. Kuta zilizobaki tunaomba usizizunguke. Risala hii inasomwa na bawabu wetu, si kwa cheo bali kwa sauti.

HISTORIA

Jengo hili lilikuwa kiwanda. Maji ya chumvi yalichotwa kisimani, yakamiminwa kwenye karai la chuma pana kama kitanda cha watu wawili, yakachemshwa mpaka chumvi ikabaki chini. Kiwanda kilipofungwa waliondoka wote isipokuwa mchemshaji mmoja, shangazi yake bawabu, ambaye sote tumezoea kumwita Shangazi. Alipewa kazi ya kutembeza wageni. Miaka nenda rudi alisimama kando ya karai baridi akieleza moto kwa mikono.

Fahari yetu ilikuwa jiwe la chumvi, kubwa kama mbuzi aliyelala. Kila mgeni alililamba tukigeuka, hata aliyetuandikia kibao cha kukataza.

CHANGAMOTO

Tumeagizwa tusitaje paa. Hatutalitaja. Tutataja tu mvua iliyopita mahali ambapo paa lingekuwa. Kila asubuhi Shangazi akifungua mlango, jiwe lilikuwa limekonda: mara kama paka, mara kama kipande cha sabuni, kisha halipo. Hatujui kielelezo kingine kilichoacha kazi bila kuaga.

Mhasibu alishauri tuchonge jingine la plasta. Shangazi alikataa, akasema watu watalamba. Akakaa sakafuni, miguu ndani ya dimbwi. Tulidhani analia. Kisha akachovya kidole, akaonja, akamwita mpwa wake.

"Lete ndoo," alisema. "Halijaenda popote. Liko hapa chini tunalikanyaga."

MAFANIKIO

Tulichota, tukakamua na matambara ya deki, jambo tunaloomba lisifike magazetini. Tukachuja mara kadhaa. Shangazi akawasha jiko. Ndege waliojenga kwenye bomba la moshi wakahama wakitutukana. Yeye alikoroga tangu asubuhi, akiimba vibaya, naye aliyekuwa akilalamikia mgongo kila siku hakuutaja hata mara moja. Jioni chumvi ikakaa karaini, rangi yake kama ya shuka lisilofuliwa, lakini chumvi.

Majirani walioona moshi walikuja kuuzima moto, wakabaki kutazama. Kesho yake walirudi na familia zao. Zamani wapita njia waliingia kwetu kuulizia choo; sasa walisahau hata kukiulizia.

Ndipo akafika afisa kutoka ofisini kwako. Alieleza kwamba jiko ni kielelezo, na kielelezo hakitakiwi kufanya kazi. Hatukubishana naye. Tumewahi kufika ofisini kwenu, tukaelewa alikojifunzia.

Shangazi alimwagia moto maji kwa mkono wake, akarudia kuueleza kwa vidole. Mpwa wake alimuuliza kama anaumwa.

"Siumwi," alijibu. "Nimestaafishwa mara ya pili."

Tangu hapo haimbi, na sisi tuliomcheka sauti yake hatujui tufanye nini na ukimya huo.

MAOMBI

Paa hatuliombi, kwa kuwa hatulitaji. Tulikusudia kuomba kibali cha moto, walau siku moja kwa wiki. Lakini tunamfahamu Shangazi, na risala ni ndefu. Tunapofika hapa katika kusoma, huenda umeshasikia harufu ya moshi, na umegundua kwamba yule mama mwenye aproni aliyekupokea, ndiye Shangazi, hayupo tena kwenye mstari wetu. Kwa hiyo hatukuombi tena uruhusu jiko liwashwe. Tunakuomba usimame, uingie ndani, umshikie mwiko apumzike kidogo. Afisa wako tumemketisha nyuma ya nguzo, hataona kitu.

Mungu akupe afya, akurudishe nyumbani salama, na chakula chako kisiwe chapwa kamwe.

Ni sisi,
Wafanyakazi wa Makumbusho ya Chumvi, pamoja na majirani walioleta kuni