Sanduku la Diski Gongoni

Kijiwe kiko mkabala na geti la kiwanda cha chumvi Gongoni, na chumvi ya hapo, wallahi, haina adabu: hula bawaba, hula kufuli, hata dele la kahawa lina kutu. Asubuhi hiyo ya mwaka themanini na nane Gerishom, karani wa kompyuta, alikuja kuomba ushauri. Mwezi uliopita diski zenye hesabu za siku za kazi za vibarua zilioza ofisini kwa chumvi, malipo yakakwama, nao wakamjia juu wakiwa na sepetu mkononi. Sasa kompyuta tatu za ofisi zitaungwa kwa waya kwenye sanduku moja la kuhifadhia kila kitu, na yeye ndiye wa kulichagua. Akikosea tena, kazi hana.

— Yapo mawili, alisema. Moja lina diski moja kubwa. La pili lina diski mbili. Kinachoandikwa huku kinaandikwa na kule. Moja ikifa, ya pili ipo.

Salmin muuza kahawa, waliyemwita Hakimu kwa kupenda kuamua mambo ya watu, akagonga vikombe.

— Chukua la moja. Mshika mbili moja humponyoka.

— Hakimu, methali hiyo si ya diski.

— Ni ya kila kitu.

Nzai, fundi pampu, Injinia kwa jina la kijiwe, akaguna.

— Nunua la mbili, ulipake sifa.

— Mafuta ya papa? Kwenye kompyuta?

— Mbona pampu napaka? Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

— Ukishapaka, lizike mchangani, Hakimu akaongeza. Waya tu utokeze.

— Basi, Gerishom akakata. Nachukua la mbili. Safari hii hawanipati.

Akapumua. Ndipo Wanjira, mpiga chapa mgeni ofisini, akaja mbio kutoka getini.

— Kaka Gerishom, bosi yuko kwenye simu toka Mombasa. Ataka jibu.

— Mwambie la diski mbili.

— Zitakaa mbalimbali?

— La, sanduku moja. Chumbani mwangu.

— Mle zilimooza zile za kwanza?

— Mle mle.



— Sasa chumvi itakula moja, kisha iiache ya pili kwa nini?

Hakimu, asiyewahi kukosa hukumu, akaanza kuosha vikombe ambavyo watu hawajamaliza kunywea.

— Nimwambie nini? Wanjira akauliza. Simu iko wazi.

Gerishom akainuka, akamfuata ofisini kuongea na bosi mwenyewe.