Leo Susana Amepika: Maisha ya Mama Harriet Ayikoru, 1962–2025

Ndugu, wakwe, majirani wa Adumi, wageni wetu kutoka Arua, Inde na Koboko, Wakristo na Waislamu: kabla hatujamlaza Mama Harriet kwenye ardhi hii, tusikilize njia aliyopita. Mwenyewe aliagiza asisifiwe bure. Alimwambia binti yake Jovia, anayesoma maneno haya, "Usiwaambie watu kwamba nilikuwa mwema tangu mwanzo. Soma na ile mbaya, tena usiipunguze." Basi na ile mbaya itasomwa.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Juni 1962 hapa hapa Adumi, mtoto wa pili wa Mzee Ezati na Mama Candiru, ambao wote wametangulia. Wa kwanza alikuwa kaka yake Acidri. Huyo kaka alimbeba mgongoni kila mahali, kisimani, shambani, kanisani, mpaka mama yao akawa anamgombeza: "Mwache atembee! Nani atamwoa huyu bila miguu?" Harriet alicheka kila alipokumbuka maneno hayo.

Alianza shule ya msingi mwaka 1969 na akamaliza darasa la saba mwaka 1975. Alikuwa na mwandiko mzuri, na kwenye hesabu alikuwa anapita wavulana. Lakini karo ya sekondari ilitosha mtoto mmoja, na huyo alikuwa Acidri. Harriet hakununa. Acidri naye hakusahau: kila likizo alimletea dada yake kitabu kimoja cha kusoma, hata kama kimechanika. Vita vilipofika kwetu, familia ikavuka kwenda Kongo mwaka 1980. Huko Harriet alijifunza Kiswahili, na akajifunza kupikia watu wengi kwa sufuria moja. Alisimulia kwamba siku ile wamevuka, mwanamke asiyemjua alimpa muhogo wa moto, naye akaula wote bila kuuliza umepikwa na nani. Habari ya muhogo ule alianza kuisimulia ukubwani tu, na alipoisimulia alikuwa haangalii watu usoni.

Familia ilirudi nyumbani mwaka 1986. Acidri alirudi na mke, Susana, aliyemwoa kule kule Kongo. Harriet na wifi yake wakawa kama vidole vya mkono mmoja. Walilima pamoja, walienda kanisani pamoja, walikula sahani moja. Mtoto wa kwanza wa Harriet alipokuja kwa haraka, kabla gari halijapatikana, ni mikono ya Susana iliyompokea.

Kwa kazi, marehemu alikuwa mpishi. Mwaka 1987 alifungua kibanda cha chakula karibu na kituo cha mabasi Arua, ambacho wateja walikiita hoteli ya Mama Harriet ingawa hakikuwa na mlango. Enyasa yake, ule ugali wetu wa muhogo na mtama, ilikuwa laini, na mboga yake ya kunde na karanga iliwashusha madereva kutoka kwenye magari. Hapo ndipo alipompata mume wake, Mzee Obitre, fundi wa matofali, kijana wa Adumi pia. Siku ya kwanza Obitre alionja, akasema, "Dada, hii mboga iko na chumvi kidogo." Harriet akamjibu mbele ya watu, "Kesho kuja na chumvi yako." Kesho yake Obitre alikuja na chumvi imefungwa kwenye karatasi. Walifunga ndoa kanisani tarehe 12 Agosti 1989, na Mungu akawapa Natale na Jovia.

Sasa tunafika pale marehemu alipotaka tufike.

Mwezi wa pili mwaka 2011, Acidri alishikwa na tumbo. Alikula chakula cha jioni vizuri, asubuhi akawa anajikunja, na kabla ya gari kufika hospitali alikuwa amekata roho. Watu wa ukoo hawakuuliza daktari. Waliuliza nani alipika. Aliyepika alikuwa Susana, kama siku zote za ndoa yao. Neno la sumu likaanza kutembea kwenye maziko yenyewe, udongo haujakauka.

Wiki ile ile kikaitwa kikao cha ukoo. Susana hakubishana na mtu. Alipika enyasa na mboga, akaweka katikati ya uwanja, akasema, "Mutu anajua mimi siko na sumu, akuje tukule pamoja."

Hakuna aliyesogea. Wote wakamwangalia Harriet. Ndiye aliyekuwa dada wa Acidri, ndiye kiongozi wa akina mama kanisani, ndiye mpishi ambaye Arua nzima ilikula mkononi mwake. Kama yeye angeketi, kikao kingekwisha. Harriet alisimama. Alinawa mikono. Alifika mpaka kwenye sahani na akainama. Halafu akajifuta mikono kwenye gauni, ingawa haikuwa imegusa kitu, akasema, "Nimeshiba."

Ni hilo tu alilosema. Hakumtukana Susana, hakumshtaki, hakumrushia jiwe. Jioni ile vijana walitia moto nyumba ya Susana, naye akatoka Adumi kwa miguu na kanga moja. Harriet alikuwa jikoni kwake, akaona moshi. Alijua ni moshi wa nini.

Tangu siku ile neno "nimeshiba" halikutoka tena kinywani mwake. Watoto wake waliona. Ukimwongezea chakula na hakitaki, alikula tu, polepole, mpaka kinaisha, au alisema, "Mpe jirani." Tena kanisani, wakati wa Meza ya Bwana, alikuwa anabaki kwenye benchi. Wenzake walidhani ni mgongo. Mwaka uliofuata, daktari mmoja Arua akaangalia karatasi za Acidri, maana kumbe alikuwa anatibiwa vidonda vya tumbo bila kutuambia, akasema kidonda kilipasuka. Watu walimwambia Harriet, "Si unaona? Hukujua." Akawajibu, "Nilijua. Susana nilimjua. Nilichokosa si karatasi."

Mwezi wa tatu mwaka 2013 alipanda gari la Koboko, maana alisikia Susana anaonekana sokoni kule. Alimkuta kwa Mama Kulusum, mjane Mwislamu, mjukuu wa askari wa Sudani wa zamani, anayesuka vikapu vya rangi. Mama Kulusum yuko hapa leo, na ametupa ruhusa tuseme alivyomkaribisha mgeni. Alimwangalia juu mpaka chini, akauliza, "Wewe ndiyo ile wifi? Ile ya kushiba?"

Harriet akasema, "Ndiyo mimi."

"Haya. Huyu alifika hapa miguu imevimba. Mimi sikumuuliza amefanya nini. Nilimuuliza, umekula? Ndivyo dini yangu ilinifundisha. Yako inafundisha nini?"

Susana alitoka jikoni na sahani, akaiweka kwenye mkeka. Hakumkumbatia, hakulia. Alisema tu, "Kula, wifi. Ama umeshiba?"

Harriet alikula mpaka mwisho, akaomba nyingine. Alipomaliza aliomba msamaha, na akamsihi Susana warudi pamoja. Susana akasema, "Wewe nimekusamehe, umekula. Lakini Adumi sirudi kwa mlango wa nyuma. Nitarudi siku watu ya Adumi watakula chakula yangu, mchana, jua iko juu, kila mutu anaona."

Marehemu alirudi nyumbani na maneno hayo, na ndiyo yaliyomwongoza mpaka mwisho wa maisha yake. Jumapili iliyofuata alisimama kanisani na kusema yote. Alisema mkono unaokataa sahani ya jirani asiye na kosa ndio mkono huo huo tunaounyoosha kupokea mkate wa Bwana, na kwamba Mungu anaona mikono, hasikilizi tu sauti za kwaya. Wengine walilia. Wengine walitoka nje wakiulizana kama amerogwa. Akajiuzulu uongozi wa akina mama, na pamoja na Mama Kulusum akaanzisha kikundi cha wanawake wa kanisa na wa msikiti, wakakiita Sahani Moja. Kazi yao ilikuwa moja. Wakisikia mtu amesingiziwa sumu na ukoo unataka kumfukuza, walienda, waliketi kwake, walikula chakula chake mbele ya watu. Halafu ndiyo waliita polisi na mwenyekiti wa kijiji, na kudai maiti ipelekwe kwa daktari kabla mtu hajanyooshewa kidole.

Wengi waliopo hapa wanaikumbuka siku ya Inde. Bibi mmoja alikuwa amefungiwa ndani ya nyumba yake, vijana wamejaa nje na mafuta ya taa. Harriet alishuka kwenye bodaboda, sahani yake imefungwa kwenye leso, akapita katikati yao kama anaenda dukani. Akabisha. "Bibi, leo umepika nini?" Bibi akalia kutoka ndani, "Sijapika! Nitapika saa ngapi na hawa?" Kilichokuwepo ni karanga mbichi. Harriet akaketi mlangoni, akaanza kuzimenya na kula.

Kijana mmoja akapiga kelele, "Mama, wewe utakufa!"

"Nitakufa, ni kweli," Harriet akasema. "Lakini si leo, na si kwa karanga. Kuja umenye na mimi, kucha zangu zinauma."

Watu wakacheka, na waliocheka hawakuweza tena kuchoma. Bibi huyo alituma salamu za rambirambi jana, pamoja na gunia la karanga.

Lakini kazi hiyo ilikuwa na gharama. Wateja walianza kuogopa hoteli yake. Walisema mwanamke anayekula kwa wachawi atawapikia nini? Mwaka 2016 ikafungwa. Mzee Obitre alilalamika, na hafichi: "Harriet, sasa nani atakula kwetu?" Akamjibu, "Wewe. Leta chumvi yako." Wakacheka, wakarudi kulima. Tena lazima isemwe kwamba vijiji vingi vilimsikia, isipokuwa hiki. Kila mwaka alienda kwa wazee wa ukoo kuomba siku moja tu ya Susana kupika hapa. Kila mwaka waliitikia kwa kichwa, na siku haikupangwa. Walikuwa wanaona aibu, naye alielewa aibu yao kuliko mtu yeyote. Alisema, "Mimi siwezi kuwakasirikia. Hawa wanasimama pale pale niliposimama."

Mwezi wa kumi mwaka jana alianza kupungua mwili na kuumwa upande wa kulia. Kwa maneno yake mwenyewe aliagiza sehemu hii isomwe kwa sauti kubwa, na Mzee Obitre anasimama hapa kuithibitisha: marehemu alikufa kwa saratani ya ini. Madaktari wa Arua waliiona, wa Kampala wakaihakikisha, na karatasi ziko mezani kwa anayetaka kusoma. Si chakula. Si mkono wa mtu. Tunajua minong'ono imeanza, kwamba sufuria za watu zimempata. Anayenong'ona leo ananong'ona mbele ya mwili wake, na yeye alitumia miaka yake kuuzima mdomo wa namna hiyo, akianza na wake.

Susana na Mama Kulusum walikuja kumuuguza hospitalini Arua. Susana alimlisha uji kwa kijiko, naye aliyekuwa hawezi kumeza kitu akameza. Siku hiyo akaomba mchungaji aitwe. Akapokea Meza ya Bwana, kwa mara ya kwanza tangu mwaka 2011. Alirudishwa nyumbani Adumi, na Jumamosi tarehe 17 Mei 2025, saa tatu asubuhi, alipumzika mkono wake ukiwa kwenye mkono wa mume wake. Kabla ya hapo aliomba jambo moja, na familia ikakubali: chakula cha maziko yake kipikwe na wifi yake.

Marehemu ameacha mume, Mzee Obitre. Watoto wawili, Natale na Jovia. Wajukuu wanne, wa mwisho akiwa mtoto wa Jovia ambaye bado ananyonya. Dada wa imani, Mama Kulusum, na akina mama wote wa Sahani Moja. Na ameacha wifi, Susana, mke wa marehemu Acidri, ambaye tangu asubuhi yuko nyuma ya nyumba hii, mbele ya moto, kwenye kijiji kilichomchomea nyumba. Amepika enyasa na mboga ya kunde. Hajauliza nani atakula.

Tukitoka kaburini jua litakuwa juu bado. Maji ya kunawa yako karibu na mlango. Mzee Obitre atatangulia, Jovia atafuata na mwanawe. Wazee wa ukoo, viti vyenu vimewekwa mbele. Hatumlazimishi mtu. Tunaomba tu, kwa ajili ya huyu tunayemzika, anayefika kwenye sahani asijifute mikono.

Mama Harriet, lala sasa. Umekula vya kutosha kwa niaba yetu. Bwana akupokee kwenye meza yake, na atupe sisi mikono ya kunyoosha.