Mbolea ya Bwawani

Kwenye Hiace ya Mbinga kwenda Mbamba Bay, mbele yangu walikaa mwanamume aliyekumbatia mfuko wa mbolea na Mama Notburga wa Tingi, ambaye hajui kunong'ona.

"Bwawa letu limejaa tope, ng'ombe wanasimama katikati," alisema Mama. "Nyie wa juu mmeacha kuchimba ngoro, yale mashimo ya kuzuia udongo."

Mwanamume akacheka. "Nani siku hizi achimbe mashimo mlima mzima kama babu zetu? Mimi napiga matuta, yamenyooka kutoka juu mpaka chini."

"Yamenyooka kweli, udongo haupotei njia. Na hiyo mbolea?"

"Ardhi imechoka, mama."

"Imechoka au imehama? Ipeleke mbolea bwawani moja kwa moja, usiisumbue kupitia shambani."

Jamaa akasema serikali ije ilizoe hilo tope, na isichelewe. Mwenyewe hakuwa na haraka ya kurudia ngoro.

Tukikaribia anaposhukia, chini kidogo ya shamba lake la matuta, gari likakwama. Mvua ya jana ilikuwa imemwaga udongo wa mlimani barabara nzima. Konda akatuomba tushuke tusukume. Jamaa akakunja suruali, akawa anachagua pa kukanyaga.

"Kanyaga tu, baba," Mama Notburga akamwambia. "Hapo ni kwako."