Clive Ormerod na Mstari wa Mwisho

Marehemu Clive Ormerod alizaliwa Accrington, Lancashire, tarehe 9 Novemba 1948, mtoto wa kwanza wa Mzee Harold Ormerod, mchonga majeneza, na Bi. Nellie. Mimi Maureen, mdogo wake ninayewasomea haya, nilimfuata miaka mitatu baadaye.

Alisoma shule ya kanisa ya mtaani kwetu, kisha sekondari hadi mwaka 1965. Akiwa na miaka minane alitoroka somo la hesabu, akajificha karakanani kwa Baba ndani ya jeneza jipya, na usingizi ukamchukua. Bi. Hargreaves, mjane wa wiki hiyo, akaja kumchagulia mumewe, akaligusa lilelile. Clive akainuka, akamwambia, “Usichukue hili, mama. Linabana mabegani.” Baba alidhani mjane atazimia, kumbe alicheka hadi akaletewa kiti. Clive alikula kofi, na Jumapili akala keki iliyoletwa na Bi. Hargreaves.

Mwaka 1967 alijiunga na kikundi cha maigizo Oldham, akianza kwa kuvuta mapazia. Tamthilia yake ya kwanza, *Sandwichi za Msibani*, ilionyeshwa mwaka 1974, na baadaye akaandika na kuigiza kwenye televisheni kwa miaka mingi, daima vichekesho vya mambo machungu. Walikuwepo waliomlaumu kwamba anawadhihaki wafu. Aliwajibu kwamba wafu hawajamkosea kitu. Wanaogombea viti vya mbele msibani ni wazima.

Waigizaji wa kwetu wana mwiko wao: mstari wa mwisho wa mchezo hausemwi katika mazoezi. Mchezo haujatimia mpaka watazamaji waingie, na anayeutimiza mapema anajitakia mkosi. Kaka yangu, aliyelala jenezani bila woga, aliuogopa mwiko huo maisha yake yote.

Alifunga ndoa na Brenda Threlfall, mshona mavazi ya jukwaani, tarehe 18 Juni 1977. Katika mazoezi ya harusi, kasisi alimuuliza kama anamkubali Brenda, naye akanyamaza. Kasisi akarudia. Kimya. Brenda akamwambia, “Wewe, ukininyamazia hivi Jumamosi nakuzika mwenyewe, na baba mkwe atanipa jeneza.” Jumamosi ilipofika, kanisa limejaa, Clive aliitikia kwa sauti iliyosikika hadi barabarani. Waliishi pamoja miaka arobaini na mitano, wakigombana kuhusu madirisha tu, maana Clive alitaka yawe wazi hata Januari.

Saratani ya kongosho iligunduliwa Machi 2022. Alitibiwa Blackburn, na baada ya Krismasi akahamishiwa nyumba ya kulelea wagonjwa mahututi. Kila jioni Brenda alipovaa koti na kutaka kumuaga, Clive aliinua kidole.

“Bado ni mazoezi, mpenzi. Watu hawajaingia.”

Basi Brenda akawa anasema tu kwamba maziwa yamekwisha nyumbani, kisha anaondoka. Clive alifariki asubuhi ya tarehe 3 Februari 2023, Brenda akiwa njiani na gazeti lake mkononi. Hakumuaga. Katika yote yaliyotupata, hilo ndilo linalomuuma zaidi, na sisi tunaompenda linatuuma pia.

Ameacha mjane, Brenda. Binti yao, Philippa, na mumewe Gareth. Wajukuu wawili, Rowan na Edie. Na mimi, ambaye sasa sina wa kunitania.

Wasifu wa namna hii una maneno yake ya kufungia, ya kumuaga marehemu, na kila aliyewahi kuzika anayajua. Jana tulipokuwa tukiusoma jikoni kwa Brenda kwa kujaribu, nilifika hapa nikanyamaza. Hata katika kijitabu mlichoshika hayakuchapwa, kwa sababu si yangu. Ni ya mkewe, naye ameyabeba tangu asubuhi ile.

Njoo mbele, wifi. Watu wameingia.