Picha ya Kichwa cha Ioteba

Nei Teretia alinikuta nimelala chali kwenye benchi la dukani, kichwa nimekitumbukiza ndani ya tairi la pikipiki, nanguruma kama jenereta. Nilikuwa nawaonyesha wenzangu nilivyopigwa picha ya kichwa Hamburg, mji ulionipa jina la utani, enzi zangu za ubaharia. Na mume wake, Ioteba, mgema wetu, alishapelekwa Fiji kwa ndege kuingizwa kwenye mashine kama hiyo. Nilitamani mchanga unimeze. Tairi nalo likaning'ang'ania masikioni hadi Redio, mwenzetu asiyekosa neno, akalivuta kwa mguu.

— Endelea, shemeji, Teretia akasema, akaketi mkekani. Hata mimi nataka kujua.

Ioteba alianguka mnazini Jumatatu. Akainuka, akajipangusa, jioni akapanda tena na kuimba. Huku kwetu Kiribati, mgema akiimba kileleni, basi ni mzima. Nani amtafutie daktari? Teretia peke yake ndiye aliyesikia kwamba ubeti wenye jina lake ameuruka. Usiku akaanza kutapika.

— Damu ikivujia ndani ya fuvu, nikasema, kwa nje huoni kitu. Kwenye picha ndipo inatokea, nyeupe, imeukandamiza ubongo.

— Damu nyeupe! Redio akadakia. Hamburg, umeshaanza.

— Nyeupe, nakwambia!

— Basi mimi wangeniona nimejaa damu, akasema mzee Breki. Kichwa changu chote ni tui la nazi.

— Chako wangekuta moshi wa sigara tu, mzee, Redio akasema. Lakini ile mashine inapiga mpaka mawazo. Mjomba wangu alipotoka mle, mkewe alishajua habari za yule mwanamke wa kisiwa cha pili.

— Si alimtaja mwenyewe usingizini? nikamuuliza.

— Sasa aliyemlaza ni nani? Mashine!

Tukacheka. Teretia hakucheka.

— Muuguzi alipiga simu asubuhi, akasema. Damu waliiona, wakatoboa, wakaitoa. Ameamka.

— Sasa mbona uso huo, shemeji?

— Kila jioni natoka nje, nasikiliza kule juu. Upepo mtupu. Hamburg, wewe umetembea dunia. Picha ile inaonyesha kama bado ananijua?

Nikaliviringisha tairi pembeni. Redio akaanza kukagua kucha zake.

— Haionyeshi, mwanangu, akasema Breki. Ndege ya kwenda Fiji inatua mchana. Panda, ukamuulize.