Muda wa Kuisubiri Diski

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi, Mkurugenzi wa Kituo cha Simu za Dharura, ndugu wafanyakazi, wageni waalikwa, nawe dada mhandisi unayestaafu leo:

Mimi ni fundi cherehani. Najua mnajiuliza nimefuata nini jukwaani. Mhandisi mwenyewe ndiye aliyeomba niseme, akaniambia, "Dada, usinipambe."

Mume wangu alianguka jikoni asubuhi, chai ikiwa bado ya moto. Nikapiga simu hapa. Mpokea simu akasema kwa upole, "Vumilia kidogo mama, kompyuta imeganda." Nikavumilia, kiganja changu kifuani pake, hadi moyo ukanyamaza. Gari lilikuja kuchukua maiti.

Msiba haujaisha, mhandisi huyu, ambaye sikumjua, akaja akaketi sakafuni na waombolezaji. Akanieleza kwamba ndani kabisa ya mfumo wa kompyuta kuna muda uliopangwa: diski, yaani kifaa kinachohifadhi taarifa, ikiombwa taarifa isijibu, isubiriwe hadi lini kabla ya kukatiwa tamaa? Siku ile diski moja ilikuwa inakufa, na mfumo ukazidi kuisubiri, ilhali pacha yake, nzima, yenye taarifa zilezile, ilikuwa pembeni.

"Nani aliupanga muda huo?"

"Mimi."

"Kwa nini mrefu hivyo?"

"Zamani ulikuwa mfupi. Diski nzima zilizoelemewa na kazi zikahesabiwa zimekufa, zikaondolewa, hadi zahanati moja iliyotumia mfumo huuhuu ikapoteza kumbukumbu za wagonjwa wake. Nikaogopa jambo hilo lisije likatokea tena. Hili lako sikuliwaza."

Ndugu zangu, ni wangapi kati yetu wangethubutu kusema "mimi" mbele ya mjane, shemeji zake wamesimama mlangoni? Nilimfukuza.

Akarudi kazini. Wakubwa walitaka muda ufupishwe kila mahali, ili magazeti yanyamaze. Akakataa. Akasema penye kutunza kumbukumbu tu, mfumo uendelee kuvumilia. Hapa, ambapo roho ya mtu iko kwenye simu, diski ikisita kidogo pacha yake ijibu, na iliyosita ichunguzwe kando bila kutangazwa imekufa. Nimeambiwa alikuwa akichomoa diski kwa mkono wake, wapokea simu wakifanya mazoezi, aone kama kuna skrini itakayoganda.

Mwaka huu jirani yangu alishikwa na uchungu kabla ya siku zake. Nikapiga namba ileile. Sauti ikauliza papo hapo, "Mko wapi, mama?" Mtoto yu hai. Nilipoambiwa hivyo nilikaa nje ya wodi nikamlilia mume wangu upya, maana sasa nilijua ni kitu kidogo kiasi gani kilichomkosesha gari.

Dada, sikuja kukusamehe. Huko sijafika, na hujawahi kuniharakisha. Nimekuja kuwaambia wakubwa wako kwamba katika kituo hiki kizima, ni wewe peke yako uliyekuja kunitazama usoni.

Kapumzike. Nanyi nyote, nawashukuru kwa kunipa masikio yenu.