Bi. Eufrazia na Harusi ya Mama Dagaa

Leo, tarehe 30 Juni, Bi. Eufrazia Ngonyani anakabidhi funguo za ghala letu la picha baada ya miaka thelathini na mitatu ya utumishi. Jamani, nani atatugombeza sasa?

Alianza hapa Kituo cha Sanaa Mwembeheri, Temeke, akiwa karani wa mapokezi. Mapokezi kwenyewe hakukaa. Kila ukimtafuta yuko ghalani anapangusa picha, mwishowe akapewa ghala lenyewe. Ole wako uguse picha na mikono ya mihogo ya kukaanga!

Kisha paa likavuja masika yote. Picha zikaota ukungu, rangi ikabanduka, mchwa nao wakajikaribisha kwenye fremu. Fungu la ukarabati halikuwepo, kikao kikaamua zilizoharibika zitupwe kabla ya mwaka kwisha. Bi. Eufrazia alilia siku ile. Kesho yake akaunda kamati ya harusi.

Ndiyo, ya harusi! Alisema watu wa Dar picha hawachangii, ila mchango wa harusi hakuna anayethubutu kuukwepa. Mwenyekiti akapatikana, mweka hazina, kundi la WhatsApp, na kadi zenye jina la bibi harusi: Mama Dagaa. Huyo ni picha yetu ya mwanamke anayeanika dagaa, iliyoumwa kuliko zote. Kadi ilieleza wazi kwamba michango ni ya kutibu picha, lakini nani husoma kadi? Watu hutazama tarehe na ukumbi, basi.

Siku ikafika. Mzee Gaudens, mfanyabiashara wa Tabata, alishuka na suti yake na jiko la gesi lenye utepe, akiuliza bwana harusi ni wa ukoo gani. Bibi harusi akaingia amefunikwa shela, amebebwa na Bi. Eufrazia na mlinzi wetu Nurdin, vigelegele hadi bati likatetemeka. Shela likafunuliwa: Mama Dagaa, pua imeliwa na ukungu.

Tukajua tumekwisha, na picha zimekwisha. Mara Mzee Gaudens akaangua kicheko mpaka akakaa chini, akasema bibi harusi akiumwa hutibiwa, hatelekezwi, akaongeza mchango palepale. Nani tena angekubali kubaki nyuma?

Mafundi wakaitwa. Picha zote zimepona; ya mwisho tumeitundika wiki iliyopita. Mama Dagaa ana pua yake, na jiko lile ndilo linalotuchemshia chai.

Asante, mama yetu. Chamazi na bustani yako ya mchicha vikupokee kwa afya na furaha tele. Ila kwanza inua macho. Kamati yako ilikutana tena bila wewe kujua, ikakuchangia kama ilivyomchangia Mama Dagaa, na mlangoni amesimama Mzee Gaudens na shela lilelile. Leo bibi harusi ni wewe.